Kete dhaifu zipewe kazi gani? Jibu kwa msomaji wa Likoni

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo Mwalimu. Tuko wanne hapa Likoni. Tumechora ramani ya kuchezea vita vya Waingereza na Wajerumani vya 1914 hadi 1916, kutoka Samburu mpaka Moshi kupitia Voi, kisha kuteremka mpaka Tanga. Ni vyumba vya pembe sita, kila chumba kilomita kumi. Mimi hupewa Wajerumani. Nina kete tisa: tatu zina nguvu 4, mbili zina nguvu 2, na nne zina nguvu 1. Mwingereza ana nguvu 60 kwa jumla. Akichukua Moshi na Tanga, zote mbili, kabla zamu ya 12 haijakwisha, ameshinda. Nimejaribu kuzitandaza kila njia, nimejaribu kuzirundika zote Taveta. Zamu ya nane haipiti sijafutwa. Hizi kete dhaifu niziweke wapi?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha ya ramani nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Mmefanya kazi ya kupendeza. Kuna kosa moja la rangi nitalitaja mwishoni, maana likirekebishwa shida yako itapungua nusu.

Neno linalonikera katika swali lako ni "niziweke". Kete ya nguvu 4 unaweza kuiweka. Inakaa, inatisha, adui anapita mbali nayo kama mtu apitaye mbele ya mbwa asiyemjua. Kete ya nguvu 1 ukiiweka tu, umemwandalia mwenzako kitafunio. Hiyo hutumwa. Uiambie inakwenda kufanya nini, itamaliza lini, na ikimaliza irudi kwa njia gani, kama kurudi kupo. Ukishaijua kazi, mahali pataonekana penyewe. Wewe ulianza na mahali, ndiyo maana umejaribu njia mbili zisizofanana kabisa, kutandaza na kurundika, na zote zimekufikisha zamu ileile ya nane.

Na kwa nini zamu ya nane? Hesabu vyumba. Kutoka Voi mpaka Moshi kwenye ramani yenu ni vyumba 15, na katika nyika isiyo na maji mmemruhusu Mwingereza vyumba viwili kwa zamu. Kumi na tano gawa kwa mbili: zamu ya nane anabisha hodi Moshi hata kama njiani hakukutana na mtu. Maana yake kete zako tisa hazikumchelewesha hata zamu moja. Ametembea mwendo wake wa kila siku, akawa anakuokota njiani kama embe zilizoanguka.

Basi tuanzie hapo. Karatasi yenu ya sheria haisemi popote kwamba Mjerumani lazima abaki na Taveta, wala kwamba aue kete kadhaa. Mwingereza ndiye anayehitaji miji miwili. Kwako mji mmoja tu ukisimama zamu ya 12 inapokwisha, umeshinda. Deni lako kwa hiyo ni zamu tano: ukimwibia tano, anafika Moshi zamu ya 13, na zamu ya 13 haipo. Una kete sita dhaifu. Kila moja ikikuletea zamu moja kabla ya kufa, umelipa deni na chenji imebaki. Usiendelee kulinganisha nguvu zako 20 na zake 60, utalia bure. Ziuze zako kwa zamu.

Bei ya kuuzia iko kwenye jedwali lenu la mapigano, na hapa nakuomba ukae chini na kalamu. Mmekubaliana kwamba uwiano wa nguvu za mshambuliaji na mlinzi unakatwa kwa faida ya mlinzi, na kwamba kilima kinazidisha nguvu ya mlinzi mara mbili. Mwingereza akipiga kwa nne kwa moja, mlinzi anapona dadu ikitoka 1 tu. Kwa mbili kwa moja, anavunjika ikitoka 4, 5 au 6. Kwa moja kwa moja, anavunjika ikitoka 6 peke yake.

Haya, Mwingereza anakuja na nguvu 8. Kete yako ya nguvu 2 iko tambarare: nane kwa mbili ni nne kwa moja, umekwisha. Ipandishe kilimani: sasa ni nane kwa nne, yaani mbili kwa moja, na nusu ya nyakati utasimama. Ongeza kete moja ya nguvu 1 hapohapo kilimani: mbili na moja ni tatu, mara mbili ni sita, nane kwa sita inakatwa kuwa moja kwa moja. Sasa anahitaji dadu ya 6. Umeona kete iliyokuwa haina thamani ilivyohama safu nzima ya jedwali? Lakini usipandwe na tamaa ukaongeza ya tatu. Mbili na moja na moja ni nne, mara mbili ni nane, nane kwa nane bado ni moja kwa moja. Kete hiyo ya mwisho haijabadilisha kitu, isipokuwa dadu ikikugeuka unapoteza tatu badala ya mbili. Hilo ndilo lililokuua uliporundika Taveta. Kete zako nyingi zilikuwa zimekaa kwenye rundo bila kusogeza safu yoyote, huku Tanga ikiwa haina mtu.

Na kuna jambo la pili ambalo jedwali halilisemi. Mchezaji mzuri hakushambulii kwa moja kwa moja. Atasubiri kete za nyuma zifike ili apate tatu kwa moja. Dhidi ya nguvu sita za kilimani hizo ni nguvu 18, na nguvu 18 nyikani hazikusanyiki siku moja. Ameketi anasubiri, dadu hata haijarushwa, na zamu zake zinakwenda. Kete yako imeshafanya kazi yake bila kupigana.

Kilima ninachokisema ni Salaita. Ukienda Taveta kutoka Voi utakipita, kidogo tu, kimesimama peke yake kwenye tambarare mashariki ya mji. Tarehe 12 Februari 1916 karibu watu 6,000 wa upande wa Waingereza, wengi wao Waafrika Kusini waliokuwa ndiyo kwanza wamefika, walikishambulia kutoka mbele. Juu yake na kandokando walikuwako askari wa Kijerumani elfu moja na mia kadhaa. Mizinga ilipiga kilele. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka. Mashambulizi yalivunjika siku hiyohiyo na Waafrika Kusini wakarudi nyuma vibaya.

Lakini watu wengi husimulia hiyo na kuishia hapo, na nusu ya pili ndiyo inayokuhusu. Jenerali Smuts, kamanda mpya wa upande wa Waingereza, alikuwa anakuja, alishuka hapa Mombasa wiki moja baadaye. Machi alipoanza kusonga, hakurudia kugonga Salaita uso kwa uso. Aliwapeleka wapanda farasi wazunguke kaskazini kupitia Ziwa Chala. Wajerumani walipoona ubavu wao umefunguka, waliondoka Salaita tarehe 9 bila kusubiri kupigwa. Wakasimama tena siku mbili baadaye kwenye vilima vya Latema na Reata, magharibi ya Taveta, vikapiganiwa usiku kucha kuamkia tarehe 12, halafu wakaondoka tena. Kikosi kilichobaki kilima kimoja mpaka kife kingeuza zamu moja. Hiki kiliuza mara mbili, na kikaondoka na bunduki zake.

Kwa hiyo ukishapanda Salaita, kazi yako kila mwisho wa zamu ni kuhesabu milango ya nyuma. Sheria yenu inasema kila kete ina kivuli, yaani vile vyumba sita vinavyoizunguka ambavyo adui akiingia lazima asimame, na kwamba kete inayorudi nyuma ikaingia kivuli cha adui inakufa. Angalia vyumba vilivyo nyuma yako visivyo na kivuli chake. Viwili au zaidi, kaa. Kimebaki kimoja, ondoka zamu hiyo, usingoje kuona. Kuizunguka Salaita kwa Chala kwenye ramani yenu ni vyumba vinne vya ziada, zamu mbili. Akikusubiri ni kama zamu mbili, akikuzunguka ni zamu mbili. Njia yoyote atakayochagua amelipa.

Najua ni rahisi kuandika hivi. Mwaka juzi tulikuwa barazani kwetu Kibokoni, baada ya Alasiri, tunacheza vita hivihivi. Sisi kete zetu ni vizibo vya soda, nguvu imeandikwa juu kwa rangi ya kucha, kwa sababu karatasi upepo wa bahari huzichukua. Nilikuwa na kizibo cha nguvu 1 Mbuyuni, njiani kati ya Voi na Taveta, nimekiagiza kikae zamu moja kisha kirudi. Dadu ikatoka nzuri, kikapona. Nikasema kikae nyingine. Kikapona tena. Wapita njia wakaanza kusimama kutazama, muuza kahawa akalitua dele lake, na mimi nikaanza kukipenda kile kizibo kama mtoto. Zamu ya tatu kikazungukwa. Badala ya kukiacha, nikatoa kizibo cha nguvu 4 kutoka Moshi kwenda kukiokoa. Mwenzangu, mzee mmoja muuza viungo, hakusema neno. Alisogeza vizibo vyake viwili pembeni, kivuli kikafunga, na nguvu 4 yangu ikabaki ndani pamoja na ile 1. Vyote viwili viliondoka ubaoni. Zamu iliyofuata meli zake zikashusha watu Tanga, na kwenye treni sikuwa na mtu wa kumpeleka. Alikunywa kikombe chake mpaka sira, akaniuliza, "Sasa kile cha Mbuyuni kilikuwa nani wako?"

Kete dhaifu ikishafanya kazi uliyoitumia, yote yanayozidi ni bahati, na bahati hailipiwi kwa akiba.

Sasa akiba. Kete zako tatu za nguvu 4 zisiguse Taveta kabisa. Zikae Moshi, kwenye kituo cha mwisho cha reli. Reli ya Usambara kutoka Tanga mpaka Moshi ni kilomita 352, na mmeandika kwamba Mjerumani anaweza kuipita yote kwa zamu moja. Hiyo ndiyo silaha yako kubwa kuliko kete yoyote, na kwa picha uliyotuma hujaitumia hata mara moja. Novemba 1914 Jenerali Aitken wa Waingereza alikamilisha mipango yake hapa Mombasa, kisha akaenda Tanga na watu kama 8,000. Meli ya vita Fox ilipojitokeza mbele ya Tanga tarehe 2, ndani ya mji mlikuwa na kombania moja tu. Moja! Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa upande wa Kilimanjaro na nguvu yake. Kombania ile haikutakiwa kushinda. Ilitakiwa kuwafanya wageni wasite, na wakasita. Kombania nyingine zikashushwa kwa treni, yeye mwenyewe akaingia mjini kwa baiskeli usiku kutazama, na tarehe 4 watu wapatao 1,000 wakawarudisha 8,000 baharini. Nyuki nao walisaidia, lakini nyuki sitakuwekea kwenye jedwali.

Kwa hiyo Tanga mpe kete moja ya nguvu 1, na usiione haya. Kazi yake ni kuziba gati kwa zamu moja mpaka treni ifike.

Sisi watu wa bao tulipaswa kulijua hili bila kuambiwa. Bao la Kiswahili unalianza na kete 32, lakini ubaoni unaweka kumi tu: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili pembeni. Ishirini na mbili ziko mkononi, unazinamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja moja. Hakuna mchezaji wa maana anayelalamika kwamba ubao wake una mashimo matupu. Lakini mtu huyohuyo umpe ramani yenye barabara tano na kete tisa, utamwona anahangaika kuziba kila barabara.

Zimebaki kete mbili za nguvu 1, na hizi ndizo nizipendazo. Zipeleke kwenye reli ya Uganda, nyuma ya Mwingereza, kati ya Voi na Samburu. Kwa sheria yenu, kete ya Mjerumani ikimaliza zamu juu ya reli, treni hazipiti zamu inayofuata. Ukikata mara moja, umemnyima chakula na kete mpya kwa zamu moja. Akitaka usikate tena, lazima alinde. Samburu mpaka Voi ni vyumba kumi. Mlinzi mmoja na kivuli chake wanafunika vyumba vitatu vya reli. Kumi gawa kwa tatu, anahitaji walinzi wanne. Akiwapa nguvu 2 kila mmoja, hizo ni nguvu 8 zilizokaa kwenye mataruma zinahesabu swala, na hazitafika Salaita. Wewe umetumia 2. Na kama atapuuza, utakata tena.

Lettow-Vorbeck hakuzaliwa na akili hiyo, alifundishwa na hasara. Januari 1915 alileta kombania tisa kupiga kituo cha Jasini, pale karibu na Vanga, na akakichukua. Ushindi safi. Halafu akahesabu: risasi 200,000 zimekwenda, na maofisa ambao hakuwa na pengine pa kuwapata wamekufa. Aliandika mwenyewe kwamba mapigano ya namna ile angeweza kuyamudu labda matatu zaidi. Baada ya hapo vikundi vidogo vikaanza kuvuka nyika kwenda kulipua reli, siku kadhaa bila maji, na wengine kiu iliwamaliza kabla hawajaiona. Waingereza nao mwaka huohuo walikuwa wanatandika reli mpya kutoka Voi kuelekea Maktau, kila kilomita ya reli hiyo ikawa kitu kingine cha kulindwa.

Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, ni Jasini iliyorudiwa kwa ukubwa. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu wao, Lettow-Vorbeck alipoteza wachache kuliko wao, ila wake ndio waliokuwa hawana badala. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma. Nikikuona unatumia kete dhaifu kushambulia, nitakukumbusha hilo. Ruhusa ninayokupa ni moja: pale ambapo nguvu 1 ya kuongeza inahamisha safu ya jedwali kwa shambulio la kete zako za nguvu 4, na njia ya kurudi iko wazi. Mwingereza akikuachia nguvu 3 peke yake mbele ya wenzake, nne na nne ni nane, nane kwa tatu ni mbili kwa moja; ongeza 1, tisa kwa tatu, tatu kwa moja. Hapo piga.

Mmoja wenu ataleta hoja ya "sehemu tulivu". Weka dhaifu pale ambapo adui hayupo, weka wenye nguvu pale alipo. Inasikika kama akili, na kwa mchezaji mvivu itakufaa. Kwa mchezaji mzuri, sehemu tulivu ni mahali ambapo bado hajafika. Mwaka 1942 Wajerumani waliingiza nguvu yao ndani ya Stalingrad na pembeni, kwenye mto Don na kusini ya mji, wakawaacha Waromania, ambao mizinga yao mingi ya kupigia vifaru ilikuwa midogo na ya kukokotwa na farasi. Tarehe 19 Novemba Warusi wakapiga kaskazini, kesho yake kusini, na tarehe 23 wakakutana Kalach, Wajerumani wakawa wamezingirwa. Waromania hawakuwa waoga. Walipewa kazi ya kushika mstari mrefu milele, bila akiba ya maana nyuma yao, na kazi isiyo na mwisho haiwezi kumalizwa na kikosi dhaifu.

Linganisha na Daniel Morgan, jenerali wa Wamarekani waliokuwa wakipigana na Waingereza, pale Cowpens, Marekani, Januari 1781. Alikuwa na wanamgambo ambao kila mtu alijua watakimbia. Aliwaweka mbele kabisa, na akawaambia wazi: pigeni risasi mara mbili, halafu rudini nyuma ya wenzenu. Wakapiga, wakarudi. Waingereza wakadhani adui amevunjika, wakakimbilia mbele mbio bila mpango, wakawakuta askari wa kudumu wamesimama na wapanda farasi pembeni. Katika watu kama 1,100 wa Tarleton, kamanda wa Waingereza, zaidi ya 800 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Wanamgambo wale walikuwa walewale ambao siku nyingine wangelaumiwa. Safari hii waliombwa kitu walichoweza.

Uliuliza pia, chini kabisa ya barua, kama kete ya nguvu 1 ikae ndani ya mji wenye ngome mpaka mwisho. Jibu la swali hilo unaliona ukivuka feri ukatembea mpaka Fort Jesus. Machi 1696 Waomani waliizingira, ikaanguka Desemba 1698, karibu miezi 33. Ndani walikuwa Wareno wachache na wenyeji waliokuwa upande wao. Maradhi yakawala mpaka ikafika wakati, katikati ya 1697, ulinzi ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, na wanawake wakisimama ukutani. Hesabu hiyo ya miezi ni ya ajabu kwa watu wachache namna ile, na ngome bado ilianguka, kwa sababu kila waliposaidiwa kwa bahari msaada ulitosha kuongeza siku tu. Kete ndani ya ngome inauza zamu nyingi kuliko kete yoyote, mradi mchezo wako una zamu za kukwisha. Wenu unazo 12. Kwa hiyo ndiyo, Moshi zamu ya kumi, ifungie ndani kete yoyote iliyorudi hai kutoka Latema, na usiifikirie tena.

Jambo dogo nje ya swali. Kwenye karatasi yenu wapagazi ni namba tu, "ugavi 3", "ugavi 2". Wachoreeni kete. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa katika vita vile, kwa hesabu rasmi, walipita 40,000, na Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao. Wengi walichukuliwa kwenye vijiji vyetu hivihivi. Kete ya wapagazi ikiwa ubaoni na inaweza kufa, mchezaji atafikiri mara mbili kabla ya kusogeza nguvu 18 nyikani, na wewe unayecheza upande dhaifu utafaidika.

Ukipanga kesho, basi, ningeanza hivi: 2 na 1 Salaita, 2 Latema kungoja, 1 Tanga, 1 na 1 njiani kwenda kwenye reli, nne zote tatu Moshi na treni imewashwa. Salaita ikuletee zamu mbili, Latema moja au mbili, reli moja au mbili. Tano zipo humo. Usiyafuate haya zamu ya tatu kama Mwingereza amefanya kitu kingine, nami sijui wenzako wanacheza vipi. Na ramani yenu imekata Longido, upande wa kaskazini-magharibi wa Kilimanjaro, ambako Smuts alipeleka divisheni nzima. Mkiongeza, utahitaji kete moja zaidi ya nguvu 1 huko, na wao watakuwa na haki ya kuipata njia.

Lile kosa la rangi: Salaita mmeipaka kahawia nyepesi, kama tambarare. Ni kilima. Ipake upya kabla ya Jumamosi, na umwoneshe Mwingereza wako kabla hamjaanza kucheza, asije akasema zamu ya tano kwamba umekiotesha usiku.